Tukianzia Mkiani: Watani 11 wa Jadi wa Marekani

Marekani ina majimbo 50, na sijasikia hata moja lisilokuwa na jirani wa kulisema. Anayeishi Columbus, Minneapolis au Dallas hachukui muda kugundua kwamba kazini kuna majimbo yasiyotajwa bila kicheko, na kwamba njia fupi ya kukubalika ni kujua nani anasemwa na kwa kosa lipi. Basi ndugu yangu uliyeko huko, na wewe uliyebaki nyumbani unayemtumia ujumbe usiku wa manane, orodha hii ni yenu.

Kanuni ni zangu na hazina rufaa. Utani lazima uwe na kitu cha kugombania: mpaka, maji, chakula, daraja, mfugo. Kufungana peke yake hakutoshi. Kwa hiyo Boston na New York nimewakata, ule ni ugomvi wa miji miwili na kofia zao za besiboli. Alabama na Auburn nimewarudisha nyumbani wakamalizane, ni watoto wa jimbo moja. Matusi yaje kwa utaratibu.

11. North Dakota na South Dakota

Pacha waliozaliwa siku moja, 2 Novemba 1889, na hadi leo hakuna ajuaye nani Kulwa nani Doto. Rais Benjamin Harrison alijua kila mmoja anataka kutangulia, akazichanganya karatasi zao, akafunika majina, akatia saini. Vitabuni North Dakota ni ya 39 na South Dakota ya 40, lakini hiyo ni kazi ya alfabeti tu. South Dakota inaringia nyuso za marais zilizochongwa kwenye mlima Rushmore. North Dakota inaringia fulana: pale Fargo, ofisi ya wageni humpa fulana mtu aliyemaliza majimbo mengine yote 49 ndipo akaikumbuka. Mtu anayejicheka mwenyewe mtani atamwambia nini?

10. Georgia na South Carolina

Georgia inajiita Jimbo la Pichi, na Atlanta ina mitaa mingi yenye jina la Peachtree hadi mgeni anapotea. Tatizo ni kwamba miaka mingi anayevuna pichi nyingi zaidi ni jirani yake, South Carolina. Na jirani hakunyamaza. Mwaka 1981 mji wa Gaffney ulisimamisha tangi la maji lenye umbo la pichi, urefu wa mita 41, kando ya barabara kuu ya I-85, pale ambapo mtu wa Georgia anayekwenda kaskazini hana pa kulikwepa. Likitazamwa upande wa ule mkunjo linafanana na kitu kingine ambacho gazeti la familia haliwezi kukitaja.

Wakati wao wanavutana, California inavuna kuliko wote wawili na wala haijui kama kuna ugomvi.

9. New York na New Jersey

Mwambie mtu wa New York kwamba unakaa New Jersey, naye atakuuliza: unatokea njia namba ngapi? Maana yake jimbo lenu zima ni barabara kuu, na nyinyi mnaishi pembeni yake.

Usikasirike. Mwulize taratibu timu zake mbili za futiboli ya Kimarekani, Giants na Jets, zinazojiita za New York, zinacheza wapi. Zinacheza East Rutherford, New Jersey. Giants tangu 1976, Jets tangu 1984. Timu pekee ya ligi yao inayocheza ndani ya jimbo la New York ni ya Buffalo, huko mpakani na Kanada. Akianza kutafuta simu yake, mwongeze Ellis Island, kisiwa walikopokelewa mamilioni ya wahamiaji. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sehemu kubwa yake, ile iliyojazwa kifusi, ni mali ya New Jersey. Sanamu ya Uhuru imebaki kwa New York, lakini maji yanayoizunguka ni ya jirani.

Hapo naye ana jibu moja, na linauma: watu wazima wa New Jersey hawaruhusiwi kujiwekea petroli. Sheria ni ya 1949, na tangu Oregon ilipolegeza yake mwaka 2023 wamebaki peke yao nchi nzima. Kwetu kukaa garini ukisubiri kijana wa kituo ni jambo la kila siku. Kwao ni kichekesho kisichochuja.

8. Alabama, Arkansas na dua yao

Watu wa majimbo haya wana dua fupi: asante Mungu kwa kutupa Mississippi. Ikitoka orodha yoyote ya elimu, afya au kipato, wanashusha kidole hadi chini kabisa, wanamkuta jirani yupo, wanapumua. Ni utani wa aliyeshika nafasi ya pili kutoka mwisho.

Sasa Mississippi ikaharibu mchezo. Mwaka 2013 ilipitisha sheria kwamba mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma hapandi darasa, na ikawapeleka walimu mafunzoni. Mwaka huohuo watoto wake wa darasa la nne walikuwa wa 49 nchini kwa kusoma. Mwaka 2024 walikuwa wa tisa. Dua imebaki ileile, ila jina la kuweka ndani yake bado linatafutwa.

7. Ohio na North Carolina

Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliunda ndege yao Dayton, Ohio, walikokuwa na duka la baiskeli. Dayton haikuwa na upepo wa kutosha wala mchanga laini wa kuangukia, wakaisafirisha hadi pwani ya North Carolina, na tarehe 17 Desemba 1903 ikaruka kwa sekunde 12, kama mita 37 hivi. Sekunde hizo 12 zimegombaniwa zaidi ya karne. Vibao vya namba za magari vya North Carolina vinatamba kwamba wao ndio wa kwanza angani. Vya Ohio vinatamba kwamba urukaji ulizaliwa kwao.

Oktoba 2021 Ohio ikazindua kibao kipya kwa mbwembwe, chenye picha ya ndege ya akina Wright ikivuta bango. Mchoraji hakujua mbele ya ndege ile ni wapi. Bango akalifunga puani, ndege ikawa inalisukuma. Maelfu ya vibao yalikuwa yameshachapwa. Idara ya uchukuzi ya North Carolina haikupandisha sauti. Iliwaomba tu watu mtandaoni waiache Ohio, itajuaje na haikuwepo? Kijembe kama hicho hakijibiwi. Unakunja jamvi unaondoka.

Indiana nayo inakohoa pembeni, maana Wilbur alizaliwa kwake. Na Connecticut ilipitisha sheria mwaka 2013 kwamba aliyeruka wa kwanza ni Gustave Whitehead, fundi wa huko, mwaka 1901. Wanahistoria wengi wanakataa. Bunge halikuwauliza.

6. Kansas na Missouri

Hapa nipunguze sauti, kwa sababu utani huu ulianza na makaburi. Miaka ya 1850 watu wa Missouri waliopigania utumwa walikuwa wakivuka mpaka kwenda Kansas kupiga kura na kupiga watu. Wapinga utumwa wa Kansas, walioitwa Jayhawkers, nao wakavuka kwenda kuchoma na kupora. Mwaka 1861 waliuteketeza mji wa Osceola. Alfajiri ya 21 Agosti 1863 William Quantrill na wapiganaji wake wa upande wa Missouri wakaingia Lawrence, Kansas, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150, wengi wao hawana silaha.

Chuo Kikuu cha Kansas kiko Lawrence hiyohiyo, na timu zake zinaitwa Jayhawks. Miaka ya karibuni wamewahi kuonekana mashabiki wa Missouri wakivaa fulana yenye picha ya Lawrence ikiungua. Mimi hapo nawapa kadi. Hata watani wetu wa misibani, wanaokuja wamevaa nguo za marehemu wakidai deni kaburini, hawamtanii mtu waliyemuua wao.

Mengine ni mepesi. Kansas City kubwa, ile ya timu na ya nyama choma yenye sifa, haiko Kansas, iko Missouri. Februari 2020, Chiefs wa mji huo walipotwaa Super Bowl, ubingwa wa futiboli, Rais Donald Trump aliipongeza Kansas. Missouri ikang'aka. Kansas ikapokea.

5. Tennessee na Georgia

Kisheria mpaka wao ulitakiwa ufuate nyuzi 35 kaskazini. Mwaka 1818 wapimaji walikosea wakauchora kama maili moja kusini zaidi, na kwenye ukanda ule mwembamba uliobaki Tennessee ndimo kona ya Mto Tennessee ilimo. Georgia ilikuwa ikinung'unika kwa vipindi, hadi ukame wa 2007 ulipoikamata Atlanta kooni. Gavana Sonny Perdue aliongoza maombi ya mvua mbele ya jengo la bunge, mchana kweupe. Mwaka uliofuata wabunge wakajaribu njia ya pili, wakapitisha azimio la kuudai mpaka.

Meya wa Chattanooga, Ron Littlefield, hakuita wanasheria. Aliita lori. Akalijaza maji ya chupa, akalituma Atlanta, na akaitangaza rasmi siku hiyo ya Februari 2008 kuwa siku ya kuwapa rafiki zetu wa Georgia maji ya kunywa.

Nimesoma vijembe vingi vya wanasiasa na sijaona kinachokizidi hiki. Anakupa kweli kitu unachokihitaji, anakupa kwa adabu, na anakupa kwa kipimo cha kukuvua nguo. Georgia ilipitisha azimio jingine mwaka 2013. Mpaka uko palepale.

4. Minnesota na Iowa

Wasomaji wa pwani wanisamehe, kombe lenyewe ni nguruwe.

Mwaka 1934 timu ya futiboli ya Minnesota ilimwumiza vibaya Ozzie Simmons, nyota wa Iowa na mmoja wa wachezaji weusi wachache wa enzi hizo. Iowa iliamini alilengwa. Mechi ya 1935 ilipokaribia, gavana wa Iowa, Clyde Herring, alitoa maneno yaliyosikika kama onyo kwamba safari hii watazamaji hawatavumilia. Hali ikawa tete. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akamwandikia mwenzake: tuwekeane dau, atakayefungwa atoe nguruwe. Joto likashuka, mechi ikapita salama, Minnesota wakashinda 13 kwa 6. Herring akamswaga nguruwe mzima hadi ofisini kwa mwenzake, juu ya zulia. Nguruwe huyo, kutoka shamba la Rosedale, akapewa jina la gavana aliyeshinda: Floyd wa Rosedale. Huko Iowa mwanaharakati mmoja akamshtaki gavana wake kwa kucheza kamari.

Floyd wa kweli alikufa kwa kipindupindu cha nguruwe mwaka uliofuata. Wa shaba yupo hadi leo, na kila mwaka wanapokutana vijana wenye miraba minne wanakimbia uwanjani kumbeba kwa fahari. Waswahili wapo pande zote mbili, Wakenya wengi Minnesota, Wakongo wengi Iowa, na nina hakika kuna nyumba ambazo mshindi anatajwa bila kumtaja mnyama.

3. Wisconsin na Illinois

Wisconsin inaishi kwa ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo mwaka 1895 ilipiga marufuku majarini ya rangi ya njano, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1967, likiwa jimbo la mwisho kuiondoa. Mama wa nyumbani aliyetaka kupaka mkate bila kufilisika alivuka mpaka hadi Illinois, akajaza buti la gari, akarudi akijifanya ametoka kumsalimia shangazi. Magendo ya Blue Band, ndugu msomaji.

Shujaa wa siagi alikuwa Seneta Gordon Roseleip. Katika mjadala alikubali kuonja huku hajui lipi ni lipi, athibitishe kwamba siagi haina mpinzani. Akachagua majarini. Aibu hiyo ilikuja kupata maelezo baadaye: familia yake ilifichua kwamba mkewe alikuwa akimwekea majarini mezani siku zote, kwa ajili ya afya yake, na yeye akila akisifu. Ulimi wake ulikuwa umeshasilimishwa na mkewe. Mpaka leo mgahawa wa Wisconsin hauruhusiwi kukuletea majarini badala ya siagi usipoiomba mwenyewe.

Watu wa Illinois waliwaita wenzao vichwa vya jibini, wakidhani wamemaliza. Mwaka 1987 kijana wa Milwaukee, Ralph Bruno, alichukua sponji ya kochi la mama yake, akakata pembetatu, akaitoboa matundu, akaipaka njano na kuivaa kichwani kwenye besiboli. Leo ndiyo kofia ya taifa la Green Bay, na mwaka 2023 timu ya Packers iliinunua kabisa kampuni inayozitengeneza. Tusi limeingizwa kwenye vitabu vya mapato.

Magendo bado yapo. Illinois iliruhusu bangi kuuzwa madukani kuanzia Januari 2020, Wisconsin imekataa, na maegesho ya maduka ya mpakani yana namba za Wisconsin tupu. Shangazi wa Illinois bado anasalimiwa sana.

2. Texas na dunia nzima

Texas haiwezi kuwekwa na mtani mmoja. Iliwahi kuwa nchi kamili, 1836 hadi 1845, na haijawahi kuacha kukukumbusha.

Na Oklahoma waligombea daraja. Mwaka 1931 majimbo yote mawili yalijenga daraja la bure juu ya Mto Red, karibu na daraja la kulipia la kampuni binafsi. Kampuni ikaenda mahakamani kudai chake, na gavana wa Texas, Ross Sterling, akaweka vizuizi upande wake. Gavana wa Oklahoma, Bill Murray, akatuma watu wavibomoe kwa hoja kwamba mto ule ni wake hadi ukingo wa kusini. Texas ikaleta askari wake, wale Rangers. Murray akaifunga barabara ya kwenda daraja la kulipia, asipite mtu kokote, kisha akaleta wanajeshi wa jimbo, na mwenyewe akatokea na bastola ya kizamani kiunoni. Daraja la bure likafunguliwa. Siku hizi wanagombania kofia ya dhahabu ya futiboli Oktoba kila mwaka pale Dallas, uwanja ukigawanywa katikati, nusu nyekundu nusu rangi ya chungwa iliyoungua.

Na California wanagombania wahamiaji. Wanaohama kutoka kule wanapokelewa na vibandiko vya kuwaonya wasiifanye Texas kuwa California, hata kama anayevibandika kwenye gari alihamia mwaka juzi. Ugomvi huu umefika hadi kwenye baga: In-N-Out ya California iliingia Texas 2011, na Watexas wakaapa hawatasaliti Whataburger yao, iliyozaliwa Corpus Christi mwaka 1950. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Whataburger ikauzwa kwa kampuni ya Chicago. Kilio kilichosikika nakiacha kama kilivyo.

Lakini anayemweza Texas ni Alaska. Kwa zaidi ya karne moja Texas lilikuwa jimbo kubwa kuliko yote, na ukubwa ndio ulikuwa mtaji wake wa majigambo. Januari 1959 Alaska ikaingia, ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.7, Texas haifiki laki saba. Watexas walipoanza kutafuta sababu, Waalaska wakaja na jibu lao ambalo hawajalibadilisha tangu hapo: nyamazeni, la sivyo tunajikata katikati, muwe wa tatu.

1. Michigan na Ohio

Hawa walipigana vita kweli, na aliyejeruhiwa ni mmoja.

Ramani ya zamani iliweka ncha ya kusini ya Ziwa Michigan mahali pasipo, kwa hiyo Ohio na Michigan kila mmoja akawa na mstari wake wa mpaka. Katikati ya mistari ulibaki ukanda wenye mji wa Toledo, mdomoni mwa Mto Maumee, bandari ambayo kila mtu aliamini mifereji itaitajirisha. Mwaka 1835 Michigan, ambayo bado haikuwa jimbo, iliongozwa na Stevens T. Mason, kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Ohio ilikuwa na Gavana Robert Lucas, ambaye jimbo lake lilikata wilaya mpya ndani ya ardhi yenye mgogoro na kuipa jina lake yeye: Lucas. Wanamgambo wakaitwa pande zote. Wakatafutana vinamasini, wakapiga risasi hewani.

Damu ilimwagika Julai. Ofisa wa polisi wa Michigan, Joseph Wood, alikwenda Toledo kumkamata mtu wa familia ya Stickney, akachomwa kisu kidogo cha mfukoni. Akapona. Aliyemchoma aliitwa Mbili. Sitanii: baba yao aliwapa wanawe majina ya Moja na Mbili, na aliyeingia kwenye historia ni Mbili. Septemba majaji wa Ohio wakajipenyeza Toledo usiku wa manane, wakafungua mahakama, wakaifunga, ili ionekane Ohio ndiyo inayotawala. Karani akaficha kumbukumbu ndani ya kofia yake ndefu, wote wakatoka mbio.

Washington ikaamua Toledo iende Ohio, na Michigan ifidiwe kwa Rasi ya Juu, msitu wa baridi ng'ambo ya maziwa. Michigan ikaona imetukanwa, ikakubali kwa shingo upande, ikawa jimbo Januari 1837. Muda si mrefu msituni mle ikaonekana shaba, kisha chuma. Ohio ikabaki na Toledo.

Vita ikahamia uwanjani. Wiki ya mechi, pale Chuo Kikuu cha Ohio State, kila herufi M inayoonekana hufunikwa kwa alama nyekundu ya mkato. Kocha wao Woody Hayes alikataa kulitamka jina la Michigan. Kwake ilikuwa ile timu ya kule juu. Mwaka 1968, akiongoza 50 kwa 14, aliamuru vijana wake wajaribu kuongeza pointi mbili badala ya moja. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kwa nini, alisema ni kwa sababu sheria haimruhusu kujaribu tatu. Novemba 2024 Michigan walikuja Columbus wakiwa wachovu, wakashinda 13 kwa 10, mwaka wa nne mfululizo, wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja. Ngumi zikaruka, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Ohio State walinyanyuka wakatwaa ubingwa wa nchi Januari 2025, na bado mashabiki wao walizungumzia Michigan. Na tayari Desemba 2024 mbunge mmoja wa Ohio alikuwa amepeleka muswada wa kufanya kusimika bendera uwanjani pale kuwa kosa la jinai. Babu zao walileta majaji usiku wa manane, wajukuu wanaleta miswada.

Aliyeibiwa hasa hakuwa Ohio wala Michigan. Ile Rasi ya Juu imeshikana na Wisconsin kwa nchi kavu, na kwa Michigan yenyewe ilibidi mwaka 1957 wafungue daraja. Wisconsin hawakuwahi kuidai kwa bunduki. Hawana haja: Jumapili ya futiboli ikifika, sehemu kubwa ya rasi hiyo inavaa kofia ya jibini.